Furu Wekundu wa Mzee Karsan

Vijana wangu, siku hizi simu yangu imejaa picha za mikia. Mnanitumia mikia iliyotafunwa, mapezi yaliyochanika, samaki aliyejibanza juu kwenye kona karibu na mpira wa hewa, na chini ya picha mnaandika, "Bibi, huyu ana ugonjwa gani?" Hana ugonjwa. Anapigwa. Mkikaa mbele ya tangi kwa utulivu, bila kugonga kioo, mtamwona anayempiga, na mara nyingi ni yule mliyemlipia nauli kutoka mbali kwa sababu ya uzuri wake.

Mimi nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Kutunza matangi ya samaki kwenye nyumba za watu ni kazi ya kuinama na kubeba ndoo, na magoti hayasahau. Nimezunguka Shinyanga mjini, Kahama, mpaka Geita, nikiingia sebuleni kwa watu na mpira wangu wa kunyonyea maji shingoni kama daktari. Wateja waliniita Mama Samaki. Wanaonifahamu wananiita Mama Limi. Kazi yenyewe sikuisomea. Nilifundishwa na mtu mmoja, nikiwa pamoja na mwenzangu mmoja, na ninachotaka kuwasimulia leo kinatuhusu sisi watatu na samaki ambao ninyi hamtawaona. Mafunzo ya kazi nitayaweka humo humo, maana sijui kuyatoa peke yake.

Mzee Karsan alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na mashine katikati ya mji wa Shinyanga. Ukoo wake ulikuwa hapa tangu enzi za babu yake, na Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyekulia Tinde, barabarani, ambako kila lugha ilipita na kuacha kitu. Kila aliyeingia dukani asubuhi alisalimiwa "Mwangaluka" kabla hajasema shida yake. Mimi aliniita "mayu", yaani mama, ingawa wakati huo nilikuwa msichana tu aliyeajiriwa kufagia na kupanga mizigo.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na tangi refu la kioo. Watu waliingia kununua mnyororo wa baiskeli wakajikuta wameegemea kaunta muda mrefu, mnyororo mkononi. Ndani ya tangi walikuwamo furu. Furu mnawajua mkiwakuta sokoni wamekaushwa na kupangwa mafungu, visamaki vyenye miba mnavyowaachia watoto na paka. Hawa wa Mzee Karsan walikuwa kitu kingine. Dume lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, kuanzia nyuma ya shavu hadi tumboni, na midomo ya samawati. Majike yalikuwa ya kijivu, rangi ya vumbi la Kishapu. Mzee aliwavua mwenyewe akiwa kijana, katika ghuba moja ya ziwa upande wa Geita alikokuwa akipeleka vipuri vya injini za mitumbwi. Baadaye sangara walipojaa ziwani, furu wa aina nyingi walipungua na wengine wakaisha kabisa. Alirudi kwenye ile ghuba mara nyingi, akawaomba wavuvi wamwoneshe kila kilichoingia wavuni. Hakumwona tena mwekundu hata mmoja. Wale wa dukani walikuwa wajukuu wa vitukuu vya samaki aliowabeba kwenye dumu la mafuta lililokatwa mdomo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la huruma. Nilikuta jike limetafunwa mkia, nikalitoa, nikaliweka kwenye beseni peke yake, nikamwambia Mzee kwa kujivuna kwamba nimeliokoa. Akaja kuangalia tangi. Lile dume lilikuwa limeshachagua jike lingine na kulifukuza huku na huku.

"Mayu," akasema, "umemfunga aliyepigwa na umemwacha mpigaji nyumbani."

Akanionesha namna yake. Alimtoa dume, akamweka kwenye tangi dogo siku kadhaa. Huku nyuma akahamisha mawe yote, la kushoto likaenda kulia, la katikati likalazwa. Dume aliporudishwa alizunguka kama mtu aliyerudi safari na kukuta nyumba yake imeuzwa. Hakuwa na pa kusema ni pangu. Majike yalikuwa yameshazoea mahali papya, yeye sasa ndiye mgeni. Alitulia kwa miezi. Hilo likumbukeni kabla ya mengine yote: mtoe anayeonea, na asirudi kwenye mawe yale yale.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba samaki humpiga anayemwona. Ukiwa na tangi wazi kama uwanja wa mpira, mnyonge hana pa kwenda, jicho la mbabe linamfuata kila kona. Panga mawe mpaka aliyesimama upande huu asione upande ule. Mawe kwetu Shinyanga hayana shida, mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Mimi nilikuwa naokota yale ya mviringo, nayachemsha, nayapanga nikianzia chini kabisa ya kioo kabla ya kutia mchanga, ili samaki akifukua yasimporomokee. Vigae vya vyungu vilivyovunjika navyo ni vizuri, mradi usugue ncha.

Luhende alikuja dukani kununua mikanda ya karasha, mashine ile ya kusagia mawe ya dhahabu. Alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita, kijana mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Mikanda ilikuwa bado ipo ghalani, akaambiwa asubiri. Akaketi juu ya kreti mbele ya tangi. Mikanda ilipoletwa hakuinuka. Basi lake likaondoka, akalala kwa ndugu yake Shinyanga, na kesho yake asubuhi akawepo mlangoni kabla hatujafungua. Baada ya hapo alikuwa anakuja hata kama karasha lake halidai kitu. Duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilipojaa maji na wenzake kutawanyika, alikuja kumwomba Mzee amfundishe kazi ya samaki, na Mzee akakubali.

Tukawa wanafunzi wawili wa mwalimu mmoja, na hatukufanana hata kidogo. Mimi nilikuwa mtu wa mawe na samaki wachache. Luhende alikuwa mtu wa umati. Alisema mbabe akiwa na mmoja wa kumfukuza atamfukuza mpaka amuue, lakini akiwa na wengi hajui aanze na nani, hasira inagawanyika na kila mmoja anapata kidogo. Alisema ndivyo ilivyo hata shimoni: waache wawili peke yao watapigana, waweke kundi zima watafanya kazi. Mzee alituambia wote tuko sawa, ila kila njia ina gharama zake. Yangu inataka nafasi. Ya Luhende inataka maji yabadilishwe mara kwa mara na pampu ya hewa isiyolala. Mimi nilimtania kwamba mawe hayahitaji umeme. Yeye alinijibu kwamba tangi langu linafanana na makaburi.

Tulicheka sana miaka ile. Tulipoanza kupata wateja wa nyumbani, Mzee alitugawia njia: mimi Shinyanga na Kahama, Luhende Geita. Kahama nilipigiwa simu na mama mmoja akilia kwamba samaki wake amepata kichaa, anagonga kioo kwa kichwa tangu asubuhi. Nilifika nikamkuta kweli anagonga, mdomo umeshavimba. Nikakaa. Kisha nikageuka nyuma yangu nikaona kabati jipya la nguo lenye kioo kirefu mlangoni. Samaki alikuwa anapigana na mwenzake wa kwenye kabati, na mwenzake yule hakuchoka hata mara moja. Tuligeuza kabati, kichaa kikaisha, mama akanipa chai.

Luhende naye alikuwa na broka mmoja wa dhahabu aliyetaka mmoja wa kila aina, kama Safina. Akanunua gapi wadogo wenye mikia ya maua, akanunua na oska, samaki mkubwa mwenye uso wa kununa, akawatia pamoja kwa sababu rangi zilipendeza na makochi. Luhende alimsihi. Asubuhi tangi lilikuwa na samaki mmoja, ameshiba, hataki hata chakula. Broka alimpigia Luhende akamlaumu kwamba wale gapi wametoroka.

Mzee Karsan alipozeeka, binti yake aliyekuwa Dar es Salaam alitaka akae naye. Duka likapata mtu mwingine. Siku ya kugawa samaki tulikuwa sisi watatu tu, milango imefungwa nusu. Hakutupa hotuba. Alituomba jambo moja, tusiwachanganye na furu wengine, kwa sababu furu wa aina mbalimbali huzaliana, na watoto wao huwa si wa huku wala wa kule. Kisha akagawa, madume na majike, wangu kwenye ndoo yangu, wa Luhende kwenye ndoo yake. Alitugawia sisi wawili kwa kusudi, na sisi tuliona ni upendo tu. Kusudi lenyewe nililielewa nikiwa nimechelewa.

Miaka ya mwanzo kwangu ilikwenda vizuri. Niliwaweka sebuleni, mbali na mlango. Maji yetu Shinyanga siku hizi yanatoka ziwani kwa bomba, nikawa nayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa ipotee, na ilinifurahisha kuona samaki wa ziwa wanaishi kwenye maji ya kwao huku kwenye ukame. Majike yalitaga. Furu hatagi akaondoka. Jike huokota mayai yake na kuyashika mdomoni, na vifaranga hutotolewa humo humo, naye muda wote huo hali chochote. Mwenye mayai utamjua kwa taya lililovimba, kama mtu aliyeshika punje za karanga asitake kugawa.

Kisha ukaja msimu wa joto kali. Maji yakipata joto, hasira za samaki nazo hupanda, hilo lazima mlijue. Funika dirisha, ongeza hewa, punguza chakula. Niliyafanya yote. Hata hivyo dume langu kubwa lilianza kumwandama dume mdogo mchana kutwa. Nikafanya nilivyofundishwa: nikamtoa mkubwa, nikahamisha mawe. Mkubwa akagoma kula kule alikotengwa. Nilimbadilishia chakula, nikamfunika gizani, nikamwekea jiwe lake. Akafa. Mdogo aliyebaki alikuwa na vidonda, ukungu mweupe ukashika, naye akafa. Nikajipa moyo kwa vifaranga. Vilivyopona vilikuwa vichache, na vilipokua nikangoja wekundu utokee. Nilikuwa nachungulia kila asubuhi kabla ya kuosha uso. Vyote vikawa vya kijivu. Nilibaki na majike matupu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Luhende alinipigia wiki ile ile. Alikuwa ananipigia mara kwa mara, tukiongea habari za watoto, za magoti yangu, za bei ya pampu. Mwishoni aliuliza kama kawaida, "Wekundu hawajambo?" Nikamwambia hawajambo. Nikamuuliza na yeye. Akasema hawajambo, wamejaa tele. Nikaona aibu zaidi. Nilijiambia nitamweleza nikishajua nilikosea wapi, au nitamweleza tukionana uso kwa uso. Mzee alipopiga kutoka Dar nilimwambia wanakula vizuri, na huo ulikuwa ukweli, majike yalikuwa yanakula vizuri sana. Ikapita hivyo mwaka, ukaja mwingine. Kila aliposema wake wamejaa, mdomo wangu ulizidi kuwa mzito.

Siku moja Limi, binti yangu, alikuja kunitazama na akaniuliza kwa nini samaki wekundu siku hizi si wekundu. Nilimweleza. Akasema, "Si umpigie mjomba Luhende akupe dume?" Alisema hivyo huku anamenya viazi, kama anavyoweza kusema si ukaazime kinu kwa jirani. Nikachukua simu nikiwa bado sijapata muda wa kujionea haya.

"Luhende," nikamwambia, "mimi nina majike tu. Madume yalikufa zamani. Nilikuficha."

Nilimsikia akifunga mlango wa chumba.

"Dada," akasema, "mimi nina dume mmoja. Majike sina hata moja."

Akanieleza. Umeme ulikatika kwao mchana kutwa akiwa safarini, pampu ikasimama, na umati wake ndio ulioanza kukosa hewa. Alirudi akakuta tangi limetulia. Hilo nalo mjue: samaki waliokosa hewa hawapigani, na mtu asiyejua atafurahia utulivu huo. Alipoteza wengi. Walipobaki wachache ile hasira iliyokuwa inagawanyika ikawa na pa kwenda. Dume mwenye nguvu aliwamaliza wengine wote, mmoja mmoja, na majike pia, kabla Luhende hajapata tangi la kumtenga. Akaona aibu. Akanisikia nikisema wangu hawajambo, akaona aibu zaidi.

Basi tukacheka. Tulicheka mpaka Limi akaja kuuliza kuna nini. Tulikuwa kama watu waliotafuta ufunguo nyumba nzima na kila mmoja amekalia nusu yake. Nilimwambia naja Jumamosi.

Nilisafiri na majike kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, na kipampu kidogo cha betri kikinguruma. Abiria aliyekaa pembeni yangu aliuliza kama ni kitoweo. Nikamwambia ni wakwe. Akahamisha miguu yake kwa heshima mpaka Geita.

Luhende alinipokea stendi. Alikuwa amezeeka, nami bila shaka nilikuwa hivyo machoni pake. Nyumbani kwake mkewe alikuwa amepika, lakini sote tulipita moja kwa moja sebuleni. Dume alikuwa hai. Alikuwa amepauka, wekundu wake umekuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, mgongo umeinuka nundu, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Aliponiona karibu na kioo alikuja mbio kunifukuza. Nilimpenda hapo hapo.

Kumtia jike kwenye tangi la dume aliyekaa peke yake miaka ni kulipeleka kufa. Tangi lote ni lake. Kwa hiyo tulifanya yote tuliyoyajua, yake na yangu. Tulihamisha mawe, tukakata tenga la plastiki lenye matundu likawa ukuta katikati, majike upande mmoja na yeye upande wa pili, waonane na wanusane bila kugusana. Chuma msitumie, kinachubua magamba. Tukawa tunawalisha wote karibu na ukuta ili wazoee kula pamoja. Mimi nilibaki kwa Luhende, nikilala chumba cha watoto wake waliokwishaoa. Siku za kwanza dume alishambulia plastiki. Kisha akawa anasimama tu. Kisha rangi ikaanza kumrudi nyuma ya shavu, kidogo, na mke wa Luhende ndiye aliyeiona kwanza.

Tulipoondoa ukuta alifukuza, lakini majike yalikuwa na mawe yangu ya kujificha, na yalikuwa mengi kama alivyopenda Luhende, hakuweza kumng'ang'ania mmoja. Akachoka. Asubuhi moja baada ya chai nilimwona ametandaza mapezi, anatetemeka mwili mzima mbele ya jike kubwa kuliko yote, analiongoza kwenye jiwe bapa. Walizunguka pale, wakazunguka. Jike likataga, likageuka, likaokota. Luhende alinishika mkono. Mkewe alileta kanga, akaitandaza juu ya tangi upande wa mlango, ili wanaoingia wasilishtue.

Dume alikufa siku chache baadaye. Tulimkuta amelala mchangani kando ya jiwe, hana jeraha hata moja. Ulikuwa uzee tu.

Kwa hiyo kila kitu kikawa mdomoni mwa lile jike. Mayai ambayo hayajarutubishwa kwa kawaida jike huyameza au kuyatema mapema, siku za mwanzo. Siku hizo zikapita na taya lake likabaki limevimba. Luhende alianza kuzungumza habari za tangi la vifaranga. Alitoa chujio, akafunga kipande cha soksi kwenye mdomo wa chujio hilo ili vitoto visivutwe. Mimi nilimpigia Limi nikamwambia nitachelewa kurudi. Kwa Mzee hatukupiga. Tulitaka kumpigia na habari kamili, na hapo pia, mnaona, hatukuwa tumejifunza.

Kuna kijana mmoja kati yenu aliniuliza kwa nini nisingetafuta tu furu mwingine wa ziwani, dume lolote, nikapata vifaranga miaka mingi kabla. Ningepata. Wangekuwa samaki wazuri. Ila nilikuwa nimeahidi, na kwa haki kabisa dume waliyemhitaji alikuwepo muda wote, mzima, mwenye nguvu, sebuleni kwa mtu niliyekuwa naongea naye kila mwezi. Nguvu hizo alizitumia kupigana na kivuli chake.

Asubuhi moja nilimkuta Luhende amepiga magoti mbele ya tangi, jambo ambalo magoti yangu hayakuniruhusu. Jike lilikuwa linakula. Taya lilikuwa bapa. Nilimuuliza kama ameona vifaranga. Akatikisa kichwa. Tuliinua mawe yote, moja baada ya jingine, tukachungulia kila ufa, tukachuja mchanga kwa vidole. Hapakuwa na kitu. Lilishika mayai yale muda mrefu kuliko jike lolote nililowahi kuliona, na hayakuwa na uhai. Dume alikuwa amezeeka mno.

Luhende ndiye aliyesema tumpigie Mzee. Alibonyeza namba kisha akanipa mimi simu. Sauti ya Mzee Karsan ilikuwa imekuwa nyembamba, lakini alisalimia vile vile kwa Kisukuma. Nilimweleza yote tangu mwanzo, wangu na wa Luhende, na namna tulivyofichana. Hakunikatiza.

"Niliwagawa ili mmoja akikwama amwite mwenzake," akasema.

Nikamwambia ndiyo, Mzee.

Akauliza jike linaendeleaje. Nikamwambia limeanza kula leo.

"Mpeni kitu laini," akasema. "Amekaa bila kula siku nyingi."

Nilimrudishia Luhende simu ili waagane. Nilipogeuka, mkewe alikuwa ameshaingia jikoni. Alichemsha mchicha, akaupondaponda kwa mgongo wa kijiko, akauacha upoe. Tulisimama sote watatu mbele ya kioo, na jike likala.